Anayekimbia Hahesabiwi

Nakumbuka koti kwanza, mwanangu, ndipo siku yenyewe hufuata nyuma yake. Lilikuwa koti jeusi la mjomba wangu, la kwendea harusini, nami nililiazima wiki mbili kabla ya safari ambayo hakuna aliyekuwa amenihakikishia. Nililitundika msumarini chumbani kwetu Ngamiani, na kila rafiki aliyeingia nilimwelekeza macho kule. Nilikuwa nikisema, hilo ndilo nitakaloingia nalo Mombasa, kana kwamba Mombasa imeniandikia barua kuuliza nitavaa nini.

Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Mimi unayenijua leo, niliyekwisha lala Lamu, Unguja, Tabora na Kigoma, na ambaye hata sasa nikiona lori linapakia magunia moyo hunidunda, wakati ule sikuwa nimepita Muheza. Na Muheza yenyewe nilikwenda asubuhi, nikala machungwa, nikarudi jioni tumbo likiniuma. Hiyo ndiyo iliyokuwa safari yangu kuu. Nikisikia treni inapiga filimbi stesheni, nilitamani kama mtu anayesikia harufu ya pilau ya jirani na hakualikwa.

Basi mwaka ule timu za mitaa za Tanga zilishindana, na ilikubaliwa kwamba itakayoshinda itapanda lori kwenda Mombasa kucheza siku ya Idi. Tulibaki timu mbili. Moja ilikuwa yetu, ya barabara ya kumi na moja. Ya pili ilikuwa ya shamba moja la mkonge njia ya kwendea Muheza, timu ya manamba, watu waliotoka Songea, Njombe na Unyamwezi kuja kukata mkonge kwa mkataba. Nahodha wao aliitwa Yohana, Mbena mrefu aliyeongoza kwaya kanisani. Jumapili aliimba kwanza, kisha akaja uwanjani kutupiga chenga na sauti bado imemkaa kooni.

Aliyetufundisha sisi mpira alikuwa Mzee Mbwana, fundi baiskeli. Tulimwita mzee, na mwaka huu nimepiga hesabu nikakuta nimeufikia umri ule ule aliokuwa nao. Kuishi kwingi ni kuona mengi, na mojawapo ni kuamka siku moja ukajikuta ndiwe yule uliyekuwa ukimcheka.

Maana tulimcheka. Mzee Mbwana alikwenda kwenye Vita Kuu vya Pili na kikosi cha wabeba mizigo na wachimba mahandaki. Huko jangwani kikosi chote kikatekwa, naye akakaa nyuma ya seng'enge, chini ya ulinzi wa Wataliani, zaidi ya mwaka mzima. Askari wengine waliorudi na nishani walisimulia mizinga. Yeye alisimulia mpira. Watu wa mtaani wakamwita Mateka, wakasema wenziwe walipigana, yeye alikwenda kucheza. Hakukasirika. Aliendelea kupiga pampu, akisema kwamba ni kweli, alicheza, na wewe ukitekwa jaribu kulala kutwa uone kama utarudi na akili zako.

Sasa sikiliza jinsi tulivyozipata hadithi zake, kwa sababu hapo ndipo kosa langu lilipozaliwa. Mzee Mbwana hakusimulia akiwa amekaa bure. Alisimulia akiziba pancha. Anatoa mpira wa gurudumu, anautia kwenye karai la maji kutafuta tundu, na hadithi inaanza. Anakwangua, anapaka gundi, hadithi imefika katikati. Gundi ikikauka, kiraka kimeshika, baiskeli imepinduliwa miguu chini, basi mwenye baiskeli amekwisha panda na kwenda zake, na hadithi imebaki pale na maji machafu. Hakuna hata mmoja wetu aliyepata kusikia hadithi ya Mzee Mbwana mpaka mwisho. Kila mmoja alikuwa na kipande chenye urefu wa pancha yake.

Kipande changu kilikuwa hiki. Kule kambini wafungwa walijipangia timu mbili, ya mahema ya juu na ya mahema ya chini. Mpira wao ulikuwa soksi za kijeshi zilizojazwa manyoya ya ngamia. Walicheza kila alasiri, na Mtaliani aliyekuwa mkubwa wa zamu aliupenda mno mchezo ule. Lakini saa ya mchezo ilikuwa pia saa ya kuhesabu wafungwa. Naye, asikose kutazama, akafanya njia ya mkato. Aliwahesabu watazamaji waliokaa chini, kisha akaongeza ishirini na wawili, kwa kuwa mpira dunia nzima ni watu ishirini na wawili. Waliokuwa wakikimbia hakuwahesabu. Wafungwa wakaligundua hilo. Wakawa wanacheza pungufu, na yule aliyepungua, kijana wa Mombasa aitwaye Salehe, alikuwa akitambaa kwenda ghala la jikoni kuiba vitunguu.

"Anayekimbia hahesabiwi," akasema Mzee Mbwana, akabonyeza kiraka kwa dole gumba. "Hilo nililijua kule."

Gundi ikakauka. Nikapanda baiskeli nikaenda zangu.

Ajabu ni kwamba yeye mwenyewe alikuwa na ugonjwa wa kuhesabu. Kabla ya mchezo, wakati wa mapumziko, na mchezo ukiisha, alipuliza kifilimbi cha bati na kusema, "Tano tano." Nasi tulipaswa kusimama safu za watu watano watano kama tulivyoambiwa walisimamishwa wao. Alipita mbele yetu polepole, akamtazama kila mtu usoni, akamgusa bega na kutaja jina lake. Kumi na mmoja ni safu mbili na mtu mmoja. Huyo mmoja anayebaki nyuma peke yake kama mkia wa mbuzi alikuwa mimi siku zote, na watoto wa mtaa jirani wa Makorora walikuwa wakija mapema ili wanicheke. Tulizoezwa jambo hilo hata miguu ikajua yenyewe. Ukipulizwa kifilimbi sokoni, ungeona vijana wetu wawili watatu wanaweka vikapu chini na kutafutana.

Siku zile, mwanangu, mpira haukuwa na kubadilisha wachezaji. Aliyeumia alitoka, na pengo lake likabaki wazi. Kwa hiyo mtu wetu wa akiba, Kasimu muuza mikate, kazi yake ilikuwa kushika nguo zetu, na mazoezini kujaza nafasi ya asiyekuja. Alikuwa na mbio kuliko sisi sote, lakini mpira na miguu yake havikuwa vimetambulishana vizuri. Siku tatu kabla ya mchezo na manamba nilimkuta anagawa mikate, nikamweleza fikira iliyonijia. Kama anayekimbia hahesabiwi, kwa nini tucheze kumi na mmoja?

Kasimu akasimamisha baiskeli yake. Akaniuliza kama sina homa.

Nikamwambia fulana zetu zote ni nyeupe zilizogeuzwa buluu kwa bluu ya kufulia, hazina alama wala namba. Refa ni karani mwenye miwani, na uwanja ule una vumbi kama kiwanda cha unga. Mapumziko yakiisha, Mzee akishatuhesabu, yeye aingie kutokea nyuma ya goli letu. Sharti lilikuwa moja tu, asisimame hata mara moja. Akisimama atahesabika. Na refa akikaribia kumaliza, atokee alikoingilia na kupotea kwenye watu.

"Na Mombasa nitakwenda?" akauliza.

"Utakwenda kama mshika nguo."

"Nitakimbia bure nishike na nguo?"

Nikamwahidi kwamba huko Mombasa nitamwazima koti jioni moja. Akakubali. Ndivyo nilivyomnunua mtu kwa koti ambalo lenyewe si langu.

Jumapili ile uwanja ulijaa. Manamba walikuja na lori la shamba wakiimba, na wake zao wakaja kwa miguu na sufuria. Mzee Mbwana alikuwa amenyoa ndevu na kuvaa kanzu iliyopigwa pasi. Hakuwa mtu wa kujipamba, nami sikujiuliza kilichomfanya ajipambe. Mpaka mapumziko tulikuwa tumefungana moja moja. Bao lao alilifunga Yohana kwa kichwa, bila hata kuruka. Kifilimbi kikalia, tukapanga tano tano, tukahesabiwa, nikasimama peke yangu nyuma, watoto wakacheka, tukarudi mchezoni.

Na Kasimu akaingia.

Nisikufiche, nilisahau kumpa mafunzo ya pale mpira unapokuwa umetoka nje. Watu wetu kumi na mmoja wanasimama, watu wao kumi na mmoja wanasimama, refa anafuta miwani, na Kasimu anakimbia. Alikwenda mpaka kona, akageuka, akarudi. Walipokuwa wakirusha mpira alipita nyuma yao kama mtu anayefukuzwa na nyuki. Wenzangu walimwona, lakini kila mmoja, walivyoniambia baadaye, alidhani ni yeye aliyekosea kuhesabu, akanyamaza asionekane mjinga. Watazamaji wakaanza kumpigia makofi. Mzee mmoja wa Ngamiani akawa anawaambia vijana wake watazame, hivyo ndivyo mtu anavyojitoa kwa ajili ya mtaa wake. Alinipita mara moja nikasikia anahema, "Sefu, imebaki muda gani?" na kabla sijamjibu amekwisha fika upande wa pili.

Jasho likayeyusha bluu ya fulana yake, ambayo aliichovya usiku wa kuamkia siku hiyo na kuizidishia. Ikamshuka usoni mpaka machoni. Nadhani robo saa ya mwisho Kasimu alikimbia kama kipofu.

Basi ikawa hivi. Mpira ulinijia karibu na goli lao, nikaupiga kwa nguvu zangu zote na kwa ubaya wangu wote. Ulikuwa unakwenda nje kabisa, kipa wao ameshauacha na anacheka. Kasimu wakati huo alikuwa anazunguka goli akifuata njia zake. Mpira ukampiga kisogoni, ukageuka, ukaingia. Yeye hakujua. Aliendelea kukimbia akishika kichwa, akidhani mke wa manamba amemrushia kitu.

Refa akapuliza bao. Uwanja ukalipuka. Dakika chache baadaye akapuliza mwisho, tukawa tumeshinda mawili kwa moja, nami nikajiona nimekwisha vaa koti.

Yohana alikuwa mtu. Aliwakusanya wenzake, wakaja kutupa mikono mmoja mmoja, nyuso zimewashuka lakini mikono wametoa. Hawakulalamika hata kidogo. Wakati huo Kasimu alikuwa karibu na kona, hatua kumi tu kutoka kwenye umati. Njia ilikuwa nyeupe. Angalitembea tu.

Kifilimbi cha bati kikalia. "Tano tano."

Mwanangu, mazoea yana taabu. Nilimwona Kasimu anatega sikio kama ng'ombe aliyesikia kengele ya zizini. Miguu ile iliyokimbia kutwa ikageuka yenyewe, ikamleta mpaka kwetu, ikamsimamisha kando yangu, kifua mbele, mikono ubavuni, amefumba macho na uso wa bluu. Kwa mara ya kwanza tangu nianze kucheza, nyuma ya safu nilikuwa na mwenzangu. Watoto wa Makorora hawakucheka. Nadhani na wao walikuwa wanahesabu.

Mzee Mbwana akapita. Tano, akagusa mabega, akataja majina. Tano. Akafika kwangu. "Sefu." Akainua mkono kuushusha, ukabaki juu. Akarudi mwanzo, akahesabu tena. Kisha akaishika fulana ya Kasimu kwa vidole viwili, akaitazama jinsi rangi yake ilivyokuwa mbichi kuliko ya zetu.

Hakuna mwingine aliyeona. Manamba walikuwa wamekwisha tupa kisogo wanakwenda kwenye lori lao. Mzee Mbwana alikuwa na uwezo wa kukifutika kifilimbi kwenye kanzu na kwenda nyumbani.

Akaenda kwa refa. Akamwambia, kwa sauti ya kawaida, kwamba watu wake walikuwa kumi na wawili.

Refa akavua miwani. Akasema mchezo umekwisha, na yeye hakuwaona.

"Mimi nimewaona," akasema Mzee Mbwana, akamwita Yohana kwa mkono.

Watu wa mtaa wetu waliposikia walimjia juu. Mmoja akapiga kelele kwamba Mateka sasa ameiteka timu yake mwenyewe, aende akahesabu spoki zake, awaachie watu ushindi wao. Mzee Mbwana alirudi kwetu, akasimama mbele ya Kasimu.

"Nani alikwambia kwamba anayekimbia hahesabiwi?"

Kasimu akafumbua macho. Alikuwa amechoka mno kuweza kusema uongo, na pia hakutaka kunitaja.

"Wewe, Mzee," akasema.

Nilitazama ardhi nikiomba inifanyie nafasi. Mzee Mbwana akatikisa kichwa mara mbili tatu, kama fundi anayeonyeshwa kiraka chake mwenyewe kinavuja. Kisha akageuka kwa manamba akasema kosa ni lake, na ushindi ni wao. Yohana akamtazama sana. Akasema yeye alimwona yule mtu anayekimbia, ila alidhani ni mgonjwa wa akili wa mjini, akaona si vizuri kumkera.

Tulirudi mjini kwa miguu, Mzee anasukuma baiskeli, mimi namfuata nyuma. Njia ya mwongo ni fupi, lakini siku ile yangu ilikuwa ndefu kweli. Tulipofika karibu na reli nikashindwa kujizuia, nikamwambia kila kitu, pamoja na habari ya koti. Akasimama. Akaniuliza ile hadithi niliisikia mpaka wapi.

"Mpaka vitunguu," nikasema.

"Pancha yako ilikuwa ndogo," akasema. Na pale pale njiani, bila gundi wala karai, akanisimulia iliyobaki.

Vile vitunguu vilikuwa dawa. Kambini watu walikuwa wanatoka damu fizi kwa kukosa mboga, na wengine meno yanalegea. Salehe alikuwa hodari wa kutambaa, ndiyo maana alitumwa yeye. Lakini siku ya kwanza timu ya mahema ya chini ilipomtoa Salehe, timu ya mahema ya juu nayo ilimtoa mtu mmoja akajilaza hemani, ili mchezo uwe sawa. Walicheza kumi kwa kumi. Kila siku walijua. Na kila kitunguu kilichopatikana kilikatwa kati, nusu ya wa juu, nusu ya wa chini.

"Tulimdanganya aliyetufunga seng'engeni," akaniambia. "Wewe umemdanganya uliyecheza naye. Yohana amekufunga wapi wewe?"

Nikamwuliza tu, kama mtu anayetafuta pa kushika, kwa nini basi anatuhesabu kila siku kama yule Mtaliani.

Akasema Mtaliani hakuwahesabu. Aliwajumlisha. Mwaka mzima yeye alikuwa moja katika ishirini na mbili za mtu ambaye hakupata kumtazama usoni, na siku aliyotoka seng'engeni aliapa kwamba akipata watu wake, hata wawe wachache vipi, atawahesabu kwa majina. Halafu akaongeza, anasukuma tena baiskeli, kwamba Salehe yuko Mombasa, Kisauni, anauza mboga. Hawajaonana tangu waliposhuka melini. Alikuwa ametumaini kumwona Idi hii.

Ndipo nikaelewa ile kanzu iliyopigwa pasi. Mwanangu, nimepigwa mara nyingi katika maisha yangu, mara moja Tabora kwa kosa ambalo halikuwa langu, lakini sijapigwa kama nilivyopigwa na maneno yale yaliyosemwa pasipo hata kunitazama.

Siku chache baadaye Yohana alikuja Ngamiani kwa baiskeli. Alipiga hodi kibandani kwa Mzee Mbwana, akaamkia shikamoo, akasema timu yake imekaa ikazungumza. Kazi ya mkonge ni kuhesabiwa mafungu tangu alfajiri, lakini wao wenyewe hakuna anayewahesabu, na Mombasa ni mji mkubwa, mtu anaweza kupotea. Wanaomba mzee apande nao lori. Mzee Mbwana akasema hana nguo ya safari. Kisha akanitazama mimi, niliyekuwa nimekaa pale nakwangua kiraka, maana adhabu niliyojipa ilikuwa kumsaidia kazi mpaka anifukuze.

"Sefu," akasema, "lile koti ulilolitangaza mtaa mzima, lina shughuli wiki hii?"

Nililipiga pasi ya mkaa mwenyewe. Nikamvalisha mwenyewe, likamkaa vizuri kuliko ambavyo lingenikaa mimi. Nikasimama barabarani na Kasimu, tukaona koti linaondoka kwenda Mombasa, na sisi tumebaki.

Manamba walifungwa huko mabao matano. Yohana alisema watu wa Mombasa wanacheza kama waliokunywa mchuzi wa pweza. Lakini walirudi wanaimba, na Mzee Mbwana akarudi kakaa mbele karibu na dereva, sauti imemkauka. Hakunisimulia alivyokutana na Salehe, nami, nikiwa sina pancha, sikuthubutu kuuliza. Alinirudishia koti tu, akasema nitazame mfukoni.

Mlikuwa na nusu ya kitunguu.

Yohana ndiye aliyenieleza kwamba Salehe alikisikia kisa chote, akacheka mpaka akakaa chini. Kisha akachukua kitunguu kwenye meza yake ya mboga, akakikata kati, akasema nusu ni ya timu ya Yohana na nusu ni ya timu ya huyu kijana aliyechezesha kumi na wawili, na kwamba hesabu ikae sawa. Nusu yetu ilikuwa imesafiri mfukoni siku nzima katika joto la lori. Mjomba wangu alilianika koti lile wiki tatu. Miaka mingi baadaye, kwenye harusi, bado ungemjua alikopita kwa harufu ya kitunguu, na shangazi zangu walikuwa wanapangusa machozi wakidhani ni kwa ajili ya bibi harusi.

Ile nusu tuliikatakata kwenye kachumbari, tukala sote kumi na wawili. Kwanza tulisimama tano tano. Nyuma ya safu tulikuwa mimi na Kasimu.

Basi nasaha yangu, mwanangu, si ndefu. Ukisimuliwa na mzee, usiondoke gundi ikikauka. Ujanja wa mtu una mwanzo wake na njaa yake. Ukiuchukua ujanja ukaiacha njaa, umebeba kisu bila ala, na kitakachokatwa ni paja lako. Kabla hujatumia hila uliyorithi kwa wakubwa, jiulize ni nani atakayedanganyika. Akiwa ni aliyekufungia mlango, Mungu ndiye ajuaye. Akiwa ni mwenzako aliyekutolea mkono, iache hila hiyo kwa wenyewe walioihitaji. Na wewe pia, ukijaliwa kuwa na watu, usiwajumlishe. Wapitie mmoja mmoja, uwatazame usoni, uwataje.

Najua miguu yako inawasha kama yangu. Siwezi kukuzuia, mimi ndiye wa mwisho wa kumzuia mtu. Nenda. Mola akufungulie njia za mbali, akukutanishe na watu wa kukatiana nawe kitunguu, akulinde na koti la kuazima. Na siku utakaporudi, ukiwa mchovu na mwenye vumbi, Inshallah umkute mtu amesimama mlangoni na mkono ameuinua, anangoja kukugusa bega na kusema jina lako.